Kurekodi bendi ndogo nyumbani kwa saundi kadi ya matundu mawili

Ninunue maiki gani? Kwani simu haitoshi? Tunaanza na sauti au na magitaa? Mbona besi yetu haisikiki? Maswali haya huja kila mara, na mara nyingi anayeuliza anaandika usiku akiwa ameshazungukwa na waya na wenzake wanamsubiri. Nayajibu hapa yote kwa pamoja.

Bendi ninayoisemea ina watu watano: solo, rizimu, besi, tumba na mwimbaji, na wapiga magitaa ndio waitikiaji. Ndivyo tulivyo sisi, na tunarekodi sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya bati, jirani anafuga kuku. Wenye dramu kamili wana aya yao kwenye hatua ya 4.

Kuhusu simu: kwa mazoezi ni nzuri sana, itumieni. Ila ikishanasa, vyote vimeshikana. Huwezi kupunguza tumba bila kumpunguza na mwimbaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Laptopu yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 itavumilia ukifunga kila kitu kingine. Acha nafasi ya GB 5 kwa kila wimbo: traki moja (njia ya sauti ya maiki au ala moja) yenye ubora wa biti 24 kwa 48 kHz inakula karibu MB 9 kwa dakika, na mtarudia zaidi ya mnavyodhani.
- Saundi kadi, yaani kifaa cha nje cha kuingiza sauti kwenye laptopu, yenye matundu mawili ya kuingizia sauti. Behringer UMC204HD, Focusrite Scarlett 2i2 au nyingine ya daraja hilo, hata iliyokwishatumika. Angalia kama ina kitufe cha INST cha kuchomekea gitaa moja kwa moja.
- Maiki mbili za dainamiki, zile ngumu za jukwaani zinazonasa kilicho karibu, kama Shure SM57 au SM58. SM58 za kughushi zimejaa sokoni. Halisi ina uzito wa karibu gramu 300; ukiishika ukaona nyepesi kama tochi ya plastiki, rudisha. Afadhali Behringer XM8500 halali kuliko SM58 ya uongo. Maiki ya kondensa, ile nyepesi kunasa, muiache kwanza, maana kwenye chumba cha kawaida inanasa chumba kizima hadi jogoo wa jirani.
- Miksa ndogo. Usinunue. Mtu wa kwaya au MC wa harusi anayo, na katikati ya wiki haina kazi.
- Hedifoni za kufunika masikio, na kifaa cha kuzigawa. Behringer HA400 ina matundu manne. Za Bluetooth hazifai hapa, sauti inafika imechelewa.
- Stendi mbili. Sisi tulianza na mti wa fagio uliofungwa kwenye kiti kwa selotepu, ukafanya kazi miezi minane.
- Programu ya kurekodia na kumiksi, Reaper. Unaijaribu siku 60 bure, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure kabisa na inaweza, lakini traki zikifika kumi utaichoka.
- Nyuzi mpya za magitaa, zivalishwe siku moja kabla ili zikae. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, nunua nyuzi. Hakuna maiki inayofufua nyuzi zilizokufa.

Msichonunua: trei za mayai. Najua mmeziona kwenye picha za studio. Hazizuii kelele kutoka nje, ndani zinapunguza kidogo sana tena sauti za juu tu, na moto ukizigusa mmekwisha. Godoro moja la sponji linazishinda trei mia.

Hatua

1. Malizeni kubishana kabla ya siku ya kurekodi

Rekodini mazoezi kwa simu, msikilize, kisha andikeni mpangilio wa wimbo kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani: utangulizi mizunguko mingapi, beti, kiitikio, solo inaingia wapi, chemko (ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka) mizunguko mingapi, na hasa wimbo unaishaje. Sisi tulipoteza dakika arobaini za siku yetu ya kwanza tukigombania mwisho wa chemko, mpiga besi akidai tunakata kwenye pigo la nne, mimi nikidai tunakata kwenye pigo la kwanza. Wote tulikuwa tumepiga wimbo ule zaidi ya mara hamsini kwenye kumbi, na ukumbini hakuna aliyewahi kugundua.

Mkikubaliana, tafuteni mwendo kwa kliki ya simu (programu inayogonga mapigo sawasawa) na kuuandika pia.

2. Chagua chumba, kisha saa

Sebule yenye makochi, mapazia mazito na kapeti ni bora kuliko chumba kitupu chenye marumaru. Piga kofi katikati ya chumba. Ukisikia "tring" ya bati ikirudi, ongeza vitu laini: simamisha godoro ukutani nyuma ya mpigaji, tandaza mablanketi kwenye milango, weka kapeti au mkeka chini ya tumba. Kona za chumba ziepuke, besi hurundikana humo.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Kaa siku moja nyumbani usikilize mtaa wako. Kwangu nafasi ni saa nne hadi saa sita mchana, watoto wako shule, fundi wa kuchomelea mageti hajaanza, na kuna muda kabla ya adhana ya adhuhuri. Msimu wa mvua, sahau. Tone moja juu ya bati linaingia kwenye kila maiki.

Zima feni. Zima friji. Na ukizima friji, weka funguo zako za nyumba ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Hili nililijua baada ya kuacha friji imezimwa kuanzia asubuhi hadi kesho yake, na samaki wa mke wangu, changu na kibua, wakaoza humo. Wimbo wenyewe tuliurudia wiki iliyofuata, kwa hiyo hata samaki wale hatukuwapatia kitu.

3. Unganisha, weka viwango

Chomeka saundi kadi kwenye laptopu, fungua Reaper, uichague hiyo kadi kwenye mipangilio ya sauti. Weka 48 kHz na biti 24. Bafa, kiasi cha sauti ambacho laptopu hukusanya kabla ya kuichakata, iwe 128, hapo kuchelewa kwa upande mmoja ni kama milisekunde 3, masikio hayaoni. Wakati wa kumiksi utaipandisha hadi 1024 ili laptopu ipumue.

Kila mtu apige sehemu yake ya nguvu kuliko zote, si ile ya kupasha mikono. Zungusha geini, kitufe cha nguvu ya sauti inayoingia, mpaka vilele vicheze kati ya -18 na -10 dB. Ukiona nyekundu, punguza. Wengi wanaogopa kuwa kiwango kikiwa chini rekodi itakuwa dhaifu, wanajaza mpaka juu. Kwa biti 24 hakuna haja hiyo: sauti ndogo unaiongeza baadaye bila hasara, iliyopasuka haishoneki.

Simu zote zizimwe mtandao. Ile "di-di-dit, di-di-dit" inayoingia kwenye gitaa kabla simu haijaita haifutiki.

4. Rekodi tumba huku bendi nzima ikipiga

Hapa ndipo bendi nyingi hukosea. Zinamwambia mpiga tumba arekodi peke yake kwa kliki, halafu besi peke yake, halafu kila mtu peke yake, mwisho wimbo unatoka umenyooka kama rula na umekufa. Sikiliza rekodi za dansi zilizofanyika Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970: unawasikia watu waliokaa chumba kimoja wakitazamana. Kwa matundu mawili tu unaweza kupata sehemu kubwa ya kitu hicho, hivi:

Maiki moja ya tumba iingie tundu la kwanza. Magitaa yote mawili, besi na maiki ya mwimbaji viingie kwenye miksa, na miksa itoke kwenda tundu la pili. Amplifaya zote zizimwe. Sasa chumbani panasikika tumba pekee, wengine wanasikika kwenye hedifoni tu. Gitaa likiwa dogo mno kwenye miksa, lipitishe kwanza kwenye pedali yoyote iliyowashwa. HA400 ichomekwe kwenye tundu la hedifoni la saundi kadi, watu wanne wanapata. Wa tano, mwimbaji, achomeke kwenye miksa yenyewe: hapo hatasikia tumba kwenye hedifoni, lakini atazisikia kwa masikio. Asimame koridoni, mlango wazi kidogo, aimbe kwa sauti ya chini.

Tundu la pili ni mwongozo tu, mtaufuta baadaye. Kinachobaki ni tumba, zilizopigwa na mtu aliyekuwa akiisikia bendi yake.

Maiki ya tumba ining'inie sentimita 30 hadi 40 juu, kati ya tumba mbili, ielekee pembeni mkono unapopiga. Ikilenga katikati ya ngozi utapata "bum" bila kofi.

Kliki? Kama mpiga tumba wenu hajaizoea, msimlazimishe siku ya kurekodi. Na wimbo unaoongeza kasi ukifika chemko uacheni uongeze, ndivyo unavyochezeka. Mkitumia kliki, Reaper inakubali kubadilisha mwendo katikati ya wimbo.

Kabla ya kuanza, mpiga tumba ahesabu kwa sauti na kugonga mara nne. Mapigo hayo manne ndiyo yatakayowaingiza wengine baadaye. Bila hayo mtakuwa mnabahatisha mahali pa kuanzia kila traki.

Pigeni mikupuo mitatu, yaani wimbo mzima mara tatu, msikilize yote, mchague. Kama hakuna hata mmoja unaowafanya mtikise kichwa, kanyweni chai mrudi.

*Wenye dramu kamili:* maiki moja haitoshi. Azimeni saundi kadi ya matundu manne kama UMC404HD, na maiki ya ziada. Moja mbele ya kiki, moja juu ya dramu, moja pembeni upande wa tomu kubwa ya chini, ikitazama sneya. Hizi mbili za mwisho ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya sneya, kama mita moja; pima kwa kamba, si kwa macho. Tundu la nne ni la mwongozo. Mpangilio huu unaitwa kwa jina la Glyn Johns, fundi wa Kiingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin.

5. Besi

Chomeka besi moja kwa moja kwenye saundi kadi na ubonyeze INST. Usipobonyeza, besi itatoka nyembamba, utaihangaikia wiki nzima ukidhani ni nyuzi. Mpiga besi asikilize tumba na mwongozo, akae karibu na mpiga tumba hata kama huyo hapigi tena. Kwetu mpiga tumba humtikisia kichwa tu, na inasaidia.

Futa besi ya mwongozo? Huwezi, imeshikana na magitaa. Kwa hiyo kila mnapoongeza ala halisi, mwongozo unashushwa kidogo, na baada ya magitaa unazimwa kabisa.

6. Magitaa

Anza na rizimu. Kama mna amplifaya nzuri, weka maiki sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika. Ikilenga katikati ya koni sauti inakuwa kali, ikisogea pembeni inalainika. Sogeza sentimita moja moja huku mwenzako akisikiliza kwenye hedifoni chumba kingine. Dakika kumi za kazi hii zinaokoa saa nzima za kuzungusha vitufe. Amplifaya mbovu ni bora uiache, uchomeke gitaa moja kwa moja na kutumia programu ya kuiga amplifaya ndani ya Reaper.

Wapiga solo, ombi: punguzeni mwangwi na dilei kwenye pedali. Mwangwi ulioingia na rekodi hautoki, na kwenye miksi kila mtu ataomba solo "isogee karibu". Rekodini kavu, utamu uongezwe baadaye.

Tyuni kabla ya kila mkupuo. Kila mkupuo. Joto la Dar linashusha nyuzi kati ya wimbo mmoja na mwingine, na feni mmeizima.

7. Sauti

Fungua kabati la nguo, msimamishe mwimbaji mgongo wake ukiwa kabatini, maiki ikimtazama yeye na kabati. Nguo zinameza mwangwi ambao ungerudi kwenye maiki. Umbali kati ya mdomo na maiki uwe kama shibiri moja.

Adui hapa ni herufi P. Nyimbo zetu zimejaa "mpenzi", na kila "mpenzi" inapiga maiki kama ngumi. Vuta soksi nyembamba ya kike kwenye waya wa henga uliokunjwa duara, uiweke vidole vinne mbele ya maiki. Aimbe akiwa amegeuka kidogo pembeni, asiimbie katikati kabisa ya maiki.

Kosa la kawaida ni kumwekea mwimbaji muziki mkubwa kwenye hedifoni. Atapiga kelele na kupanda juu ya noti. Shusha ala, mwongeze sauti yake mwenyewe, na sikio moja aliache nje.

Waitikiaji wasimame nusu duara mbele ya maiki moja. Mwenye sauti nene arudi nyuma hatua moja. Mkiwasawazisha kwa miguu hamtahangaika kuwasawazisha kwa vitufe. Rekodini kiitikio mara mbili, moja utaisogeza kushoto, nyingine kulia.

Ukimaliza siku, nakili folda nzima kwenye diski nyingine kabla watu hawajaondoka. Umeme ukikatika laptopu ina betri, lakini mwizi haulizi betri.

8. Miksi

Usimiksi siku hiyohiyo. Masikio yamechoka na bado unakumbuka nani alikukera.

Shusha traki zote. Pandisha tumba na besi mpaka ziongee vizuri zenyewe. Kisha mwimbaji. Kisha rizimu na solo, moja ikisogezwa kushoto na nyingine kulia, si mpaka mwisho. Kwenye kila traki isiyo besi wala kiki, kata sauti za chini ya 80 hadi 100 Hz. Huko hamna muziki, kuna miguu na magari. Mwangwi uwe mmoja unaotumiwa na wote, si kila traki na wake, ili wasikike wako chumba kimoja. Kompresa, ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, weka kwenye sauti na besi, kidogo. Hapo kazi kubwa imekwisha.

Sikiliza kwa sauti ya chini, kwenye simu, kwenye hedifoni za bei rahisi, kwenye gari la mtu. Andika unachosikia, rudi ukarekebishe yote kwa mkupuo mmoja.

9. Kutoa

Hakikisha kilele cha miksi hakizidi -6 dB. Weka limita, kizuizi cha vilele, mwishoni, mwisho wake -1 dB. Usisukume mpaka wimbo upige kelele: Spotify hushusha nyimbo hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), kwa hiyo ukubwa uliolazimisha wanauondoa, mipasuko wanakuachia. Toa faili la WAV, uhifadhi. MP3 ya kurushia watu WhatsApp itoke kwenye hilo.

Ikigoma

*Kuna mvumo mzito "mmmm" muda wote.* Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukinyamaza, rekodi kwa betri. Mvumo usiponyamaza, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye pini tatu za kweli. Usikate pini ya ati (ya waya wa ardhi), na usichokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili. Mwimbaji akigusa maiki na mpiga gitaa kwa pamoja, umeme wa kosa hilo huwapitia wao.

*Ninajisikia mara mbili, ya pili imechelewa.* Unasikiliza kadi na Reaper kwa wakati mmoja. Zima kusikiliza kwenye traki ya Reaper, bakiza kitufe cha kusikiliza cha kadi.

*Kuna "tik, tik" kwenye rekodi.* Laptopu imezidiwa. Pandisha bafa hadi 256, zima Wi-Fi, funga kivinjari.

*Windows haioni kadi vizuri.* Pakua draiva, programu ya kuiunganisha kadi na Windows, ya mtengenezaji wa kadi yako. Ikikosekana kabisa, ASIO4ALL ni ya bure.

*Sauti inatoka sikio moja.* Traki imewekwa stirio ilhali maiki ni moja. Chagua tundu moja, mono.

*Dramu zimekonda tangu niongeze maiki ya pili.* Maiki mbili zinafutana. Geuza fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya moja, usikilize. Upande wenye besi zaidi ndio sahihi.

*Besi haisikiki kwenye simu.* Spika ya simu haitoi sauti za chini, huwezi kuilazimisha. Ongeza kidogo maeneo ya 700 hadi 1000 Hz ambako vidole vinasikika kwenye nyuzi, masikio yatajaza yaliyobaki. Mkipandisha besi nzima, kwenye spika za daladala itafunika mwimbaji.

*Jogoo amewika katikati ya beti zuri kuliko yote.* Kama amewika kwenye traki ya sauti, rudia mstari huo mmoja, uubandike. Kama ni kwenye tumba, sikiliza kwanza vikiwa vimechanganyika vyote. Wetu yupo dakika ya pili na sekunde kumi na moja, na mpaka leo hakuna aliyemsikia.